SOMO JUU YA PIKIPIKI YA ZAMANI: ESANSE ISIPOFIKA KWENYE MOTERI



Katika vijitabu vyetu tumezoea kusema juu ya mahindi, muhogo na mbolea. Leo somo ni juu ya pikipiki. Msishangae. Mbegu zaja kwa pikipiki, dawa ya kuku yaja kwa pikipiki, na nyanya na lengalenga za mama zetu zaenda sokoni kambini kwa pikipiki. Pikipiki ikisimama njiani, kazi ya kilimo nayo yasimama. Kwanza nitawaeleza neno lililonipata mimi mwenyewe, nipate kufundisha bila kujificha.

I. HABARI YA SIKU MOJA

Ilikuwa mwezi wa 9, wakati wa jua kali na vumbi. Nilitumwa kutoka Likasi kupeleka dawa ya kuku katika kijiji kimoja upande wa mto Lufira, safari ya kilometa 40. Dawa hiyo ni ya kuwakinga kuku na ugonjwa wa Newcastle, ule unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Dawa hii yapenda baridi. Nilikuwa nimeifunga ndani ya sanduku lenye barafu. Watu wa kijiji walikuwa wamefunga kuku wao nyumbani tangu usiku, kama nilivyowaagiza, nami niliwaahidi kufika saa mbili ya asubuhi.

Nilitoka saa kumi na mbili. Pikipiki yangu ni ya zamani, lakini asubuhi ile iliwaka kwa teke moja. Baada ya kilometa 10 ikaanza kukohoa kama mtu mwenye kifua. Kisha ikazimika. Nikafungua kifuniko cha tanki kutazama kama esanse ipo. Ipo. Nikafunga, nikapiga teke, ikawaka. Nikafurahi. Baada ya kilometa chache ikakohoa tena, ikazimika tena. Nikafungua kifuniko, esanse ipo. Nikafunga, nikapiga teke, ikawaka. Nikafikiri moyoni: «Imechoka juu ya joto, sasa imepumzika.» Nikatoa buji, nikaipangusa, nikairudisha. Mlimani ikafa kabisa. Nikapiga teke hata mguu ukavimba, kisha nikaanza kuisukuma, na jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Hapo mzee mmoja akanikuta. Zamani alifanya kazi katika karakana ya mgodi. Akaniuliza, «Mwanangu, shida gani?» Nikamjibu, «Baba, pikipiki imekufa. Nadhani ni buji.» Akasema, «Ulipoifungua tanki, baadaye pikipiki ilifanya nini?» Nikasema, «Iliwaka.» Akauliza, «Mara ngapi?» Nikahesabu moyoni, nikasema, «Kila mara, baba.» Akanitazama bila kucheka. Akasema, «Basi pikipiki imekuambia kila mara, na wewe hukusikia.»

Akaweka sikio karibu na tanki, akafungua kifuniko polepole. Tukasikia sauti ya hewa ikivutwa ndani: sss! Akageuza kifuniko. Chini yake mlikuwa na kipande cha mpira wa baisikeli. Mimi mwenyewe nilikikata na kukiweka juma lililopita, ili vumbi la magari ya mgodi lisiingie katika tanki. Vumbi halikuingia, ni kweli. Lakini hewa pia haikuingia, na esanse ikakataa kushuka.

Mzee akakitoa kile kipande kwa ncha ya kisu. Pikipiki ikawaka, ikaenda hata kijijini bila kusimama. Lakini nilifika saa nane ya mchana. Barafu ilikuwa imekuwa maji, na maji yenyewe yalikuwa ya moto. Dawa iliyopata joto namna ile haifai kupewa kuku. Watu wakawafungua kuku wao, wakaniaga kwa adabu. Dawa nyingine ilipopatikana, juma la nne, ugonjwa ulikuwa umetangulia. Mama mmoja mjane alikuwa na kuku 26, wakabaki 3. Kuku wale walikuwa minervali ya mjukuu wake. Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunikaripia. Alisema neno moja tu, «Mwanangu, ugonjwa haukungoja pikipiki.»

Ndiyo sababu naandika somo hili.

II. NJIA YA ESANSE

Pikipiki ni za namna nyingi. Zamani Wabelgiji walitengeneza pikipiki za FN katika mji wa Herstal tangu mwaka 1901. Kiwanda hicho kimekwisha kuacha kazi ya pikipiki. Baadaye zilikuja za Japani, na leo za Uhindi na China ni nyingi katika njia zetu. Majina ni mbalimbali, lakini kama pikipiki ina karbirateri, njia ya esanse ni moja. Ijue njia hiyo kama unavyojua njia ya mtoni.

Esanse yakaa ndani ya tanki, juu. Chini ya tanki kuna robine, na ndani ya robine kuna chujio dogo. Kutoka robine esanse yapita katika tiyo, yaingia katika karbirateri. Kwa kawaida hakuna pompo. Esanse yashuka kwa uzito wake tu, kama maji ya mfereji shambani.

Karbirateri ni chombo cha kuchanganya esanse na hewa. Chini yake kuna bakuli dogo. Ndani ya bakuli kuna floteri, kitu chepesi kinachoelea juu ya esanse. Bakuli likijaa, floteri yapanda na kusukuma sindano ndogo. Sindano yaziba mlango, esanse yasimama. Esanse ikipungua, floteri yashuka, mlango wafunguka, esanse yaingia tena.

Kutoka bakuli, moteri yanyonya esanse kwa kupitia matundu madogo sana. Vyuma vyenye matundu hayo vyaitwa jikileri. Jikileri ndogo ni ya mwendo wa taratibu, pikipiki inaposimama na kunguruma. Jikileri kubwa ni ya mwendo wa nguvu. Hewa nayo yapita katika chujio lake, yaingia karbirateri. Kilo 1 ya esanse yataka karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Hewa ikizidi, moteri yakosa nguvu na kupata joto. Esanse ikizidi, moteri yatoa moshi mweusi na kula esanse bure.

Sasa sikieni neno kubwa: esanse haiwezi kutoka katika tanki kama hewa haiingii mahali pake. Chukua chupa yenye maji, igeuze mdomo chini, zibe mdomo kwa kidole na kuacha nafasi ndogo tu. Maji yatatoka kidogo, kisha yatasimama. Ndivyo tanki inavyofanya. Kwa hiyo kifuniko cha tanki kina tundu dogo la kupitisha hewa. Tundu hilo si kosa la kiwanda. Usilizibe.

III. KWANZA, JILINDE NA MOTO

Kabla ya kushika ufunguo, shika maneno haya.

1. Zima moteri, uache ipoe. Esanse ikianguka juu ya chuma cha moto, yaweza kuwaka.

2. Fanya kazi nje, mchana. Usitumie taa ya petroli, wala mshumaa, wala kibiriti kutazama ndani ya tanki. Asivute mtu tumbaku karibu. Esanse yatoa mvuke hata wakati wa baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: watambaa chini, wafika kwenye moto ulio mbali, kisha moto warudi kwako.

3. Fukuza watoto kwa upole. Wao hupenda kutazama.

4. Weka mchanga karibu. Esanse ikiwaka, tupa mchanga au blanketi nzito iliyolowa. Usimwage maji, maana esanse huelea juu ya maji na kueneza moto.

5. Usinyonye esanse kwa mdomo na tiyo. Katika mwaka 2021 dunia yote ilimaliza kuuza esanse ya magari yenye risasi, lakini esanse bado ni sumu. Tone likiingia mapafuni laweza kuua. Kama mtu amemeza esanse, usimtapishe. Mpeleke hospitalini upesi.

IV. JE, NI ESANSE AU NI MOTO WA BUJI?

Moteri yataka vitu vitatu: esanse, hewa, na cheche ya buji. Usibahatishe. Piga teke mara nane au kumi, kisha toa buji uitazame.

Buji kavu kabisa: esanse haifiki. Fuata somo hili.

Buji imelowa esanse: esanse inafika. Labda inafika nyingi mno, au cheche hakuna. Pangusa buji, uikaushe, ujaribu tena kabla ya kufungua kitu kingine.

Tena tazameni alama hizi, nazo ni kama alama za ugonjwa juu ya majani ya muhogo:

Pikipiki yaenda dakika chache, yazimika. Ikipumzika kidogo yawaka tena. Esanse yashuka polepole mno. Tazama tundu la kifuniko, chujio la robine, na tiyo.

Yanguruma vizuri ikisimama, lakini ukifungua gazi yakosa nguvu. Jikileri kubwa imeziba, au esanse haishuki ya kutosha.

Yaenda kwa nguvu, lakini ukiachia gazi yazimika. Jikileri ndogo imeziba.

Yakubali kwenda wakati kifuniko cha hewa cha kuwashia asubuhi kimefungwa tu. Esanse ni kidogo, au hewa ya wizi inaingia mahali.

Moshi mweusi na buji nyeusi kama masizi. Esanse imezidi: chujio la hewa limejaa vumbi, au sindano ya floteri haizibi.

Esanse yadondoka chini ya karbirateri. Sindano ya floteri ina uchafu, au floteri imetoboka.

V. KUTAFUTA UBAYA, HATUA KWA HATUA

Anza juu, shuka chini, kama esanse yenyewe. Usiruke hatua. Wengi huanza kwa kufungua karbirateri, na vyuma vidogo vyapotea majanini, kumbe ubaya ulikuwa juu ya tanki.

Hatua ya 1. Esanse ipo? Tikisa pikipiki usikie. Tazama robine: imefunguliwa? Kama esanse ni kidogo, geuza robine upande wa akiba. Msicheke. Watu wengi wamesukuma pikipiki yenye akiba.

Hatua ya 2. Kifuniko. Pikipiki inapokufa njiani, fungua kifuniko polepole na kusikiliza. Ukisikia hewa ikivutwa, umekwisha kupata ubaya. Safisha tundu kwa unyasi mwembamba na kwa kupuliza. Unaweza kujaribu hivi: legeza kifuniko kidogo, uende taratibu kilometa chache mahali pa sawasawa, uangalie esanse isimwagike. Kama pikipiki haifi tena, ni kifuniko. Katika nchi ya migodi vumbi jekundu likichanganyika na esanse huwa kama udongo wa mfinyanzi. Laziba tundu hili mara nyingi.

Hatua ya 3. Je, esanse inashuka? Funga robine. Chomoa tiyo upande wa karbirateri, uitie katika chupa nyeupe ya kioo. Fungua robine. Esanse yapaswa kutoka mfululizo bila kukatika. Ngoja dakika nzima, usitazame mwanzo tu. Ikianza vizuri kisha ikapungua, fungua kifuniko cha tanki: ikirudi kutoka vizuri, ni tundu la hewa, isiporudi, ni robine au tiyo. Ikitoka vizuri dakika nzima, tanki ni nzima, ubaya uko chini katika karbirateri.

Lakini angalieni: pikipiki nyingine za Japani zina robine inayofunguka kwa kuvutwa na pumzi ya moteri. Katika robine hiyo esanse haitoki moteri ikiwa imezimwa, ila ukiigeuza mahali palipoandikwa PRI. Usiivunje kwa kudhani imeharibika.

Hatua ya 4. Tazama esanse ya chupa. Iache itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko esanse: lita 1 ya maji ni kilo 1, lita 1 ya esanse ni karibu gramu 740. Kwa hiyo maji yatashuka chini, nawe utaona mstari katikati. Ukiona maji, au chembe nyekundu za kutu, mwaga yote yaliyo katika tanki ndani ya ndoo ya chuma safi, usafishe tanki. Usimwage katika mfereji wala karibu na kisima.

Hatua ya 5. Robine. Tanki ikiwa tupu, fungua robine. Utaona chujio kama kidole chenye matundu madogo. Lioshe kwa esanse safi na burashi laini. Kama limepasuka, tafuta jingine. Usirudishe robine bila chujio, maana uchafu wote utashuka katika jikileri.

Hatua ya 6. Tiyo. Ikunje taratibu kwa vidole. Ikiwa imepasuka, au imekuwa ngumu kama mti, ibadili. Tiyo nyingine kwa nje ni nzuri, lakini ndani imevimba na njia imekwisha. Puliza: hewa yapaswa kupita bila kazi. Isipinde sana, isiguse silendri, maana kwa joto esanse hugeuka mvuke ndani ya tiyo na kuzuia njia.

Hatua ya 7. Karbirateri. Hapa tandika kitambaa cheupe chini, na uweke kila kitu kwa mpango, cha kwanza kushoto, cha mwisho kuume. Utarudisha kutoka kuume kwenda kushoto.

Chini ya bakuli mara nyingi kuna visi ya kumwagia. Ilegeze, umwage katika chupa. Mara nyingine maji kidogo yaliyokaa chini ya bakuli ndiyo ubaya wote, nawe umekwisha kupona bila kufungua zaidi.

Kama sivyo, funga robine, fungua bakuli. Toa floteri, itikise karibu na sikio. Ukisikia esanse ndani yake, imetoboka, haitaelea. Tazama ncha ya sindano: ikiwa na mstari au kidonda, haitaziba. Safisha mahali inapokaa.

Halafu toa jikileri kwa turnevisi inayoenea sawasawa. Turnevisi ndogo huharibu shaba. Inua jikileri kuelekea mwanga wa mchana, usielekee jua. Tundu lapaswa kuwa duara na wazi. Likiwa limeziba, loweka katika esanse safi, puliza kwa pompo ya baisikeli. Kama uchafu ni mgumu, tumia unywele wa burashi. Usitumie waya wala sindano. Tundu limepimwa kiwandani, na likipanuka kidogo tu pikipiki itakula esanse maisha yake yote.

Kando ya karbirateri kuna visi ndogo ya mwendo wa taratibu. Kabla ya kuitoa, ifunge polepole hata ikae, ukihesabu mizunguko. Andika hesabu. Wakati wa kurudisha, ifunge vilevile polepole, kisha ufungue mizunguko ileile. Asiyehesabu atalia.

Hatua ya 8. Upande wa hewa. Osha chujio la hewa: la sifongo kwa maji ya sabuni, likaushe vizuri, ulipake mafuta kidogo ya moteri, la karatasi usilioshe, ulikung'ute. Wakati wa vumbi fanya hivi kila juma. Kisha tazama mpira ulio kati ya karbirateri na moteri. Ukipasuka, hewa ya wizi huingia. Moteri ikinguruma, pakaza maji ya sabuni juu ya mpira. Sauti ya moteri ikibadilika, hewa yapita hapo.

Baada ya kurudisha vyote, fungua robine, ungoje dakika mbili bakuli lijae, utazame kama hakuna tone linaloanguka. Pangusa esanse iliyomwagika, ngoja ikauke. Ndipo upige teke.

VI. TANKI YENYE KUTU

Tanki ya zamani hupata kutu, zaidi ikikaa nusu tupu wakati wa mvua, maana hewa yenye unyevu hutoa maji ndani yake. Toa tanki katika pikipiki, toa robine, ziba tundu lake. Tia mawe madogo makali na petroli ya taa kidogo. Hesabu mawe kabla ya kuyatia! Tikisa robo saa, mwaga, tia petroli nyingine, rudia hata itoke safi. Hesabu mawe yanapotoka. Suuza kwa esanse kidogo, anika kivulini mbali na moto. Tangu siku hiyo, pikipiki ikilala, ilale na tanki iliyojaa.

VII. JUU YA KUNUNUA ESANSE

Vijijini kwetu kituo cha esanse ni mbali. Twanunua katika chupa na bidoni kwa wauzaji wa njiani, wale waitwao kadafi. Wako wauzaji waaminifu, wako na wengine. Mtu mwovu hutia petroli ya taa au maji. Basi fanya hivi:

Nunua katika chupa nyeupe, uione. Igeuze, utazame chini kama kuna maji. Tia tone juu ya karatasi safi kivulini: esanse nzuri hukauka upesi, yenye petroli huacha alama ya mafuta inayokawia.

Chuja daima kwa kitambaa safi kinene. Lakini jueni, kitambaa huzuia uchafu, hakizuii maji yote. Kwa hiyo iache esanse itulie kwanza, na robo kikombe ya chini usiitie.

Usiweke esanse miezi mingi. Huzeeka, na kuacha kitu kama utomvu ndani ya jikileri.

Usiweke bidoni nyumbani mnapolala, wala jikoni.

Moteri nyingine hutaka mafuta yachanganywe na esanse. Soma kitabu cha kiwanda, au uulize fundi. Kama wanasema 1 kwa 20, tia mililita 50 za mafuta katika lita 1 ya esanse. Kama wanasema 1 kwa 50, tia mililita 20. Usikisie kwa macho. Mafuta machache huua moteri. Mengi huziba buji.

VIII. VITU VYA KUCHUKUA NJIANI

Katika mfuko mdogo chini ya kiti weka: buji moja nzima na ufunguo wake, turnevisi mbili, kipande cha tiyo mpya, chupa nyeupe tupu, kitambaa safi, burashi laini, na karatasi yenye hesabu ya visi yako. Mfuko huu ni mwepesi kuliko kusukuma pikipiki.

MAULIZO (mwalimu aulize, wanafunzi wajibu bila kutazama kitabu)

1. Kwa nini kifuniko cha tanki kina tundu?
2. Buji ikitoka kavu, ubaya uko upande gani? Ikitoka imelowa, je?
3. Pikipiki yazimika kila baada ya dakika chache na kuwaka tena. Utatazama vitu gani vitatu?
4. Utajuaje kama esanse ina maji?
5. Kwa nini hatutumii waya kusafisha jikileri?
6. Esanse ikiwaka, utatupa nini juu yake? Hutamwaga nini?
7. Kama ni 1 kwa 20, lita 4 za esanse zataka mililita ngapi za mafuta?

NENO LA MWISHO

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wazee. Mimi nilifanya kinyume: niliziba tundu lisilotaka kuzibwa, na mtu mwingine akalipa. Kabla ya kuongeza kitu katika pikipiki, uliza kwanza kile unachokizuia kilikuwa na kazi gani. Na pikipiki ikikuambia jambo lilelile mara tatu, usipige teke ya nne. Simama, kaa chini, fikiri.

Mwaka uliofuata nilirudi kijiji kile na sanduku la barafu. Nilitoka usiku wa saa kumi, baada ya kukagua kifuniko, robine na tiyo jioni yake, mchana ungalipo. Nilifika jua likichomoza. Mama yule alikuwa wa kwanza mlangoni, na kuku 9 ndani ya kikapu. Hakusema kitu. Alishika kuku wa kwanza, akanipa, nami nikatia tone la dawa katika jicho lake. Barafu ilikuwa bado ngumu.